Willow Creek na robo ya waumini waliokwama

Agosti 2007, mbele ya viongozi wa makanisa waliohudhuria mkutano wake wa kila mwaka karibu na Chicago, Bill Hybels alikiri jambo ambalo wenye makanisa makubwa hawana mazoea ya kulikiri kipaza sauti kikiwa wazi. Kanisa lake, Willow Creek, lilikuwa limemwaga mamilioni ya dola kwenye programu lilizoamini zinawakuza watu kiroho. Takwimu zilipokuja zikaonyesha kwamba baadhi ya programu hizo haziwasaidii kiasi hicho, na kwamba mambo mengine, ambayo hayakutengewa fedha wala wafanyakazi, ndiyo watu waliyokuwa wakiyalilia. Tulikosea, alisema.

Tangu hapo kisa hiki kimesimuliwa sana, na kwa kawaida kinasimuliwa kama habari ya kanisa la burudani lililoumbuka. Wapenzi wa ibada za kale hukisimulia kwa furaha kidogo wanayojaribu kuificha. Mimi nadhani wanakisoma vibaya. Willow Creek haikuwa ukumbi wa maonyesho usio na mpango wa kuwafanya watu wanafunzi wa Yesu. Ilikuwa na mpango, tena ulioandikwa vizuri kuliko wa sharika nyingi ninazozijua. Mpango wenyewe ndio uliogeuka bidhaa, na hilo linaweza kutokea mahali popote, hata penye mabenchi ya mbao na kinanda kibovu.

Kanisa lililoanzia kwenye jumba la sinema

Hybels alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mboga na matunda wa Kalamazoo, Michigan. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akiongoza vijana katika kanisa moja la Park Ridge, kitongoji cha Chicago, kwa muziki wa kizazi chao, maigizo, na mahubiri yasiyo na lugha ya kanisani. Vijana walifurika. Wakati huohuo mwalimu wake wa chuo, Gilbert Bilezikian, alikuwa amemwasha moto kwa mafundisho juu ya kanisa la Matendo sura ya 2, watu waliodumu katika fundisho la mitume, wakamega mkate nyumba kwa nyumba, wakauza mali ili asiwepo mwenye kupungukiwa. Hapo ndipo ndoto ilipoanzia. Ramani ya soko ilikuja baadaye.

Mwaka 1975 wakakodi jumba la sinema liitwalo Willow Creek, katika mji wa Palatine. Vijana waliuza nyanya mlango kwa mlango kupata fedha za vifaa. Ibada ya kwanza ilifanyika tarehe 12 Oktoba mwaka huo. Kabla ya hapo walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali jepesi: unasali kanisa lolote? Aliyejibu hapana aliulizwa sababu. Njia hiyo hawakuibuni wao. Robert Schuller alikwishabisha hodi hivyo huko California miaka ya 1950, alipoanzisha kanisa kwenye uwanja wa sinema ya wazi, watu wakisali wakiwa ndani ya magari yao.

Majibu ya Palatine hayatamshangaza mtu wa Kinondoni wala wa Kisumu. Kanisani wanaomba pesa kila mara. Ibada zinachosha, unajua kitakachofuata kabla hakijafuata. Mahubiri hayagusi maisha ya Jumatatu. Mtu anatoka akijiona mjinga, au mwenye hatia asiyojua aitue wapi.

Basi wakaijengea ibada ya mwisho wa juma majibu hayo. Wakamchora mtu wao: mwanaume msomi, ana kazi nzuri, ana familia, hasali. Wakampa jina, Harry. Kila kitu kikapimwa kwa jicho la Harry. Msalaba haukuwekwa mbele, mgeni aliambiwa asijisikie kulazimika kutoa sadaka, mahubiri yakashughulika na ndoa, hasira, kazi na malezi. Waumini wenyewe wakapewa ibada yao katikati ya wiki, yenye mafundisho mazito zaidi na Meza ya Bwana.

Mwaka 1981 wakahamia South Barrington, kwenye eneo kubwa lenye ziwa na maegesho ya magari yasiyoisha. Mwaka 1991 shule ya biashara ya Harvard ikaliandikia kanisa hilo kisa cha kufundishia, wanafunzi wa biashara wachambue kanisa kama wanavyochambua kampuni. Nje ya ofisi ya Hybels yalibandikwa maswali ya mtaalamu wa menejimenti Peter Drucker: kazi yetu ni ipi, mteja wetu ni nani, na mteja huyo anathamini nini. Mwaka 1992 ukaundwa umoja wa makanisa yaliyotaka kujifunza njia hiyo, nao baadaye ukapita makanisa 10,000. Mwaka 2004 wakafungua ukumbi mpya wenye viti zaidi ya 7,000. Mahudhurio ya mwisho wa juma yalikuwa yakizunguka kwenye 20,000.

Mwenye haraka ataishia kwenye yale maswali ya Drucker na kusema: mnaona, waliita watu wateja, wakapata wateja. Ni kweli kwa sehemu. Lakini Willow Creek ilikuwa na njia ya hatua saba ambayo kila muumini alifundishwa. Unajenga urafiki na asiyeamini. Unamshuhudia. Unamleta kwenye ibada ya mwisho wa juma. Akiamini anaingia ibada ya katikati ya wiki, kisha kikundi kidogo, kisha anagundua karama yake na kuitumia, mwishoni anajifunza kuwa wakili wa mali ya Mungu. Watu walikwenda magerezani, walitengeneza magari ya wajane na akina mama wanaolea peke yao, waligawa chakula. Ukisoma ile njia bila kujua ni ya nani, ungesema ni mpango wa kichungaji wa kupigiwa mfano.

Utafiti na ulichofumua

Mwaka 2004 mchungaji mtendaji, Greg Hawkins, aliamua kupima kama njia hiyo inafanya kazi. Alifanya kazi na Cally Parkinson, mfanyakazi mwenzake, na Eric Arnson, mtafiti aliyezoea kuyasaidia makampuni kuwaelewa wateja. Kejeli yake haikwepeki: ili kujua kama kanisa limezalisha wanafunzi, aliitwa mtu wa kupima wateja. Lakini huenda ni jicho hilo la nje ndilo lililowasaidia, maana Arnson hakuwa na sababu ya kuipenda programu yoyote.

Dhana waliyoanza nayo ilikuwa ileile ambayo wachungaji karibu wote wanaibeba bila kuitamka: kadiri mtu anavyoshiriki shughuli za kanisa, ndivyo anavyozidi kumpenda Mungu na jirani. Mtu akija Jumapili tu ana kidogo. Akija na katikati ya wiki ana zaidi. Akiingia kikundi na kuhudumu, huyo ameiva.

Majibu ya maelfu ya waumini hayakukubaliana na dhana hiyo. Ushiriki ulimsaidia mtu mwanzoni, alipokuwa bado anachungulia imani au ameamini karibuni. Kuanzia hapo, wingi wa shughuli haukueleza tena nani anakua na nani hakui. Watafiti wakawagawa watu makundi manne kwa ukaribu wao na Kristo: wanaochunguza imani, wanaokua, walio karibu na Kristo, na wale ambao Kristo ndiye kitovu cha maisha yao. Kisha wakawakuta watu ambao ngazi hiyo haikuwatosha. Karibu mmoja katika kila wanne alisema amekwama kiroho au haridhiki na msaada anaoupata kanisani, na wengi wao walikuwa wakifikiria kuondoka. Matokeo yakachapishwa 2007, yakiwa na majibu ya Willow Creek na ya makanisa mengine machache yaliyokubali kupimwa.

Waliokwama na wasioridhika wasichanganywe. Waliokwama wengi walikuwa watu waliosimama njiani: hawasali nje ya ibada, hawafungui Biblia nyumbani, wengine wamefungwa na uraibu au mahusiano waliyoshindwa kuyanyoosha. Wasioridhika walikuwa habari nyingine. Walitoka zaidi katika makundi mawili ya juu. Ndio waliotoa fungu la kumi, waliohudumu, waliokuwa na maisha ya maombi. Ndio waliokuwa wakilibeba kanisa mabegani, na ndio waliokuwa wakitazama mlango.

Ukiona hilo, mashitaka yetu ya kawaida yanageuka. Tumezoea kumwita mteja yule anayelalamika. Anataka mafundisho mazito zaidi, anasema haguswi, amesikika akisifu kanisa la jirani: tunahitimisha kwamba ana roho ya sokoni, anataka kuhudumiwa. Huku yule anayekuja kila Jumapili, anaketi palepale, anatoa, anapiga makofi na hasemi kitu, tunamwandika mwaminifu. Takwimu za South Barrington zinapendekeza kwamba huenda tumewabadilisha nafasi. Aliyetulia anaweza kuwa ndiye mteja hasa, kwa kuwa anachopata kinamtosha na hana sababu ya kuhoji. Mlalamikaji anaweza kuwa mwanafunzi aliyekosa mwalimu. Sisemi kila mlalamikaji ni mtakatifu, nimekaa kwenye vikao vya kutosha kujua kwamba sivyo. Nasema shitaka la uteja ni rahisi mno mdomoni mwa kiongozi, na mara nyingine kazi yake ni kuzima swali.

Kwa nini ushiriki uliacha kuzaa? Nadhani ni kwa sababu programu yoyote, hata ya uanafunzi, ina anayeitengeneza na anayeipokea. Ibada ya katikati ya wiki ilitengenezwa na wafanyakazi. Kikundi kidogo kilikuja na kitabu cha kufuata. Hata kuhudumu kulikuwa kujaza nafasi kwenye mtambo ambao mtu mwingine alikwishaupanga: kuelekeza magari, kuwasha taa, kupokea watoto. Mtu anaweza kupanda hatua zote saba bila mtu yeyote kumkalia mbele na kumuuliza amefanya nini na ile hasira yake. Alihesabiwa kwa kuhudhuria, na mahudhurio ndicho kipimo pekee ambacho duka na kanisa vinaweza kutumia kwa pamoja bila kugombana.

Ukosoaji wenye haki

Utafiti huu haukupita bila kupingwa. Bradley Wright, mwanasosholojia wa University of Connecticut, alionyesha kwamba majibu yote yalichukuliwa wakati mmoja. Ukimlinganisha leo anayechunguza imani na aliyekomaa, hujamwona mtu yeyote akikua, umewaona watu wawili tofauti tu. Ili kusema kitu kinakuza, inabidi uwafuate watu walewale kwa miaka.

Hoja hizo nazikubali. Zinaudhoofisha usemi kwamba programu hazikuzi. Haziugusi ukweli mmoja ambao hauhitaji miaka kuthibitishwa: siku ile watu walipojaza karatasi, kutoridhika kulikuwa kwingi kuliko ilivyodhaniwa, na kulikaa kwa watu ambao kanisa liliwategemea zaidi.

Dawa ya kujilisha

Hybels alieleza kosa lao hivi: mtu alipoamini, tulipaswa kumfundisha mapema kwamba wajibu wa kukua ni wake, ajifunze kujilisha, kusoma Biblia mwenyewe katikati ya ibada na ibada. Mwaka 2008 kanisa likaanza kugeuza mambo. Ibada ya katikati ya wiki ikaachia nafasi madarasa ya Biblia na teolojia, watu wachague kulingana na walipo. Utafiti ukapanuliwa hadi makanisa zaidi ya 1,000, na matokeo ya 2011 yakasema kwamba katika makundi yote kusoma na kutafakari Maandiko ndiko kunakosukuma watu mbele kuliko kingine chochote.

Mkristo gani atapinga hilo? Waraka kwa Waebrania unawakemea watu ambao kwa umri wao walipaswa kuwa waalimu, nao bado wanahitaji maziwa. Hybels alikuwa na andiko la kusimamia.

Hata hivyo dawa hii inaniacha na wasiwasi. Zamani mtu alikaa mezani akaletewa. Sasa ameelekezwa sahani zilipo, ajipakulie. Bado ni mlaji, na bado kipimo ni kama ameshiba. Madarasa ya kuchagua kulingana na ulipo yanamweka mtu mwenyewe kuwa mpimaji wa hali yake na mchaguaji wa dawa yake, jambo ambalo soko lolote lingelifurahia. Kando ya ziwa la Tiberia, Petro hakuambiwa awafundishe kondoo kujitafutia. Aliambiwa mara tatu awalishe na kuwachunga. Ule mzigo ulikuwa wa mchungaji, na tafsiri ya kujilisha, hata kama Hybels hakuikusudia, ilimpa mchungaji ruhusa ya kuutua.

Kinachokosekana kati ya kulishwa na kujilisha ni watu wengine. Wakristo wa sehemu zetu wana kumbukumbu ya jambo hilo. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda, Kenya na Kagera kuanzia miaka ya 1930, haukuwa na jengo wala bajeti. Ulikuwa na ndugu waliokutana kila wiki, wakasoma andiko, kisha kila mmoja akasema yaliyompata: deni alilokana, mke aliyempiga, ng'ombe aliyemdhulumu jirani. Waliita kutembea nuruni. Mtu alikwenda kurudisha alichoiba, na wenzake wiki iliyofuata waliuliza kama amekirudisha. Hapo huwezi kuwa mteja, kwa sababu hakuna kinachouzwa na wewe mwenyewe ndiye ajenda.

Nisiupambe kupita kiasi. Wazee wa Uamsho waligombana juu ya nani ameokoka kweli, walihukumu mavazi na nywele, na watu wengine waliungama hadharani mambo ambayo hayakupaswa kusemwa nje ya chumba. Lakini walijua kuuliza, na South Barrington, pamoja na fedha zote zile, hakikuwepo kiti cha kuulizia.

Mwaka 2018

Kisa hiki kina ukurasa ambao wachambuzi wa 2007 hawakuuona. Machi 2018 gazeti la Chicago Tribune liliandika juu ya wanawake waliomtuhumu Hybels kwa mwenendo usiofaa wa kijinsia. Aliyakana. Aprili akajiuzulu, miezi kadhaa kabla ya muda aliokuwa amepanga kustaafu. Agosti, baada ya tuhuma nyingine kuchapishwa, wachungaji wawili waliomrithi waliachia nafasi zao, na baraza zima la wazee likajiuzulu. Mwanzoni mwa 2019 kundi huru la viongozi wa Kikristo waliopewa kazi ya kuchunguza lilisema tuhuma hizo zinaaminika.

Je, hili linahusu uteja? Sitaki kulilazimisha. Makanisa madogo yenye nidhamu kali nayo yana viongozi waliotenda mabaya. Lakini angalia ilivyokwenda. Tuhuma zilipotoka mara ya kwanza, Hybels alisimama mbele ya waumini akajitetea, na wengi wakasimama kumpigia makofi. Waliokuwa wamepeleka swali kwa wazee miaka kadhaa kabla walikuwa watu wa ndani, waliofanya kazi naye na kulipenda kanisa. Umati haukuwa na njia ya kumjua mtu aliyekuwa jukwaani, ulijua mahubiri yake. Walizoezwa kwa miongo mingi kupokea kitu bora kutoka kwake, na mpokeaji wa kitu bora humshangilia mtoaji. Kumdai hesabu ni kazi ya ndugu.

Baadaye mahudhurio yalishuka, korona ikaongeza, na mwaka 2022 uongozi ukatangaza kupunguza wafanyakazi. Kanisa bado lipo na linafanya kazi.

Huku kwetu

Mkutano wa viongozi wa Willow Creek ulirekodiwa na kuonyeshwa katika nchi nyingi, Nairobi ikiwemo, kwa hiyo wachungaji wa kwetu walikaa kwenye viti wakisikiliza mbinu hizi. Baadhi ya tunachokiona leo mijini, timu za wapokeaji wageni, taa, mfululizo wa mahubiri wenye jina na bango, kina ukoo huko. Sina ugomvi na bango.

Lakini nikitafuta uteja Afrika Mashariki sianzii kwenye taa, wala siishii kwa wale wanaouza mafuta na maji ya upako, ambao ni rahisi kuwanyooshea kidole. Naanzia kwenye jumuiya. Maaskofu Katoliki wa ukanda huu, katika umoja wao wa AMECEA, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Nia ilikuwa ileile ya Matendo 2: majirani wachache wasome Neno, wafahamiane, wabebane. Walutheri na wengine wana za kwao. Ni muundo ambao Willow Creek ingeutamani, na haugharimu hata dola.

Sasa kaa kwenye jumuiya ya mjini Jumamosi asubuhi. Wanawake tisa, wazee wawili, na watoto. Wanaume wengine wapo kwa njia ya simu: mchango unaingia, mwenye kuutuma hajaonekana tangu Pasaka. Anautuma kwa nini? Kwa sababu mtoto anataka kubatizwa na mwenyekiti wa jumuiya ndiye atakayesaini. Kwa sababu kuna harusi mwezi wa kumi na mbili. Na zaidi ya yote, kwa sababu hataki siku ya msiba iulizwe, marehemu alikuwa jumuiya gani, na watu wakatazamana. Kanuni iliyowekwa ili watu wafahamiane imekuwa bei ya huduma, nao wanailipa. Mtu wa South Barrington alilipa kwa kuhudhuria akapata ibada nzuri. Huyu wa kwetu analipa kwa M-Pesa akapata padri kaburini. Wa kwetu hata hakuburudika.

Na wasioridhika wetu wapo. Unawakuta kwenye kwaya, kwenye shule ya Jumapili, kwenye baraza la wazee. Ijumaa usiku dada wa sauti ya pili yuko kwenye mkesha wa huduma nyingine ng'ambo ya barabara, analia na kuomba hadi alfajiri. Jumapili saa moja amevaa sare, anaimba usharikani kwake. Mchungaji akijua atamhubiri madhabahuni bila kumtaja jina: watu wanaotangatanga, wanaokula meza mbili. Sijasikia mchungaji aliyemwita pembeni akamuuliza, dada, kule unapata nini ambacho hapa hupati, na kisha akanyamaza asikilize jibu hadi mwisho. Huenda jibu ni ubatili mtupu, ametabiriwa mume. Huenda pia kule kuna mama mmoja anayemshika mkono kila wiki na kumuuliza habari za nyumbani kwake.

Taarifa ya mwaka inayosomwa kwenye mkutano mkuu wa usharika ina safu zake: waliobatizwa, waliopata kipaimara, ndoa, waliofariki, wastani wa mahudhurio, sadaka, ahadi, mnada, jengo. Sijawahi kuona safu ya waliokwama, na naelewa kwa nini, maana Jimbo nalo linapima hizo nyingine. Heshima yangu kwa Willow Creek ni kwamba, wakiwa kileleni, ukumbi mpya ukinukia rangi, walitafuta idadi ambayo hakuna aliyewaomba, wakaitangaza.

Usharika unaotaka kuiga sehemu hiyo hauhitaji mtafiti wa makampuni. Karatasi moja isiyo na jina, maswali matatu: tangu mwaka jana umebadilika wapi katika mwenendo wako, ni nani hapa anayejua mapambano yako, umewahi kufikiria kuondoka, na kwa nini. Zijazwe jumuiyani, si kwenye ibada kuu ambako watu wanaangaliana. Zisomwe na watu wawili au watatu ambao hawana cheo, pamoja na mchungaji, na majibu yarudishwe kwa waumini mwezi huohuo kabla hayajalainishwa kwenye kikao. Na asizikusanye mzee wa kanisa yule anayekusanya bahasha, maana bahasha zina namba, na watu wataandika wanachodhani namba yao inapaswa kusema.